Majani ni ya Mama, Udongo ni wa Serikali

Jirani, unaijua ile laini kubwa ya umeme inayotoka Inga, kule karibu na bahari, mpaka huku kwetu Katanga, Kolwezi? Kilomita 1,700 hivi. Waliimaliza mwaka 1982, enzi za Mobutu, na wakati ule dunia nzima haikuwa na laini ya aina yake iliyoipita urefu. Imekata msitu. Imekata mbuga. Imeruka mito ambayo mimi sitaiona mpaka nife. Imepita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo vinawasha koroboi, waya uko juu ya paa na giza liko mezani. Na katika kilomita zote hizo, hakuna mama mmoja aliyetoka nyumbani, kitambaa kichwani, kuwaambia wale mainjinia: "Weye! Majani yangu!"

Mimi nilikuwa na mita kumi na kitu tu. Kutoka ukuta wa nyumba kubwa mpaka mlango wa anekse yangu. Katikati iko gazoni.

Gazoni si yangu. Ni ya mwenye parseli, ambaye sisi wapangaji tunamwita Mama Bayere, kwa heshima na kwa woga. Mimi ninalipa kodi ya vyumba viwili na veranda ya kukalia mtu mmoja. Tulipoingia, baada ya kuhesabu garanti yangu mara mbili kwa kulamba kidole, alinisomea masharti. Mpangaji hakanyagi majani. Mpangaji anapita pembeni, kwenye njia ya matofali. Watoto wa mpangaji pia. Nikauliza, na kuku? Akaniangalia tu. Mpaka leo sina kuku.

Unajua hizi gazoni za Lubumbashi zilivyoanza. Wabelgiji walipouanza mji mwaka 1910 wakauita Élisabethville, wakajipimia barabara pana, wakapanda jakaranda, wakajiwekea bustani. Sisi wakatupeleka ng'ambo ya kipande cha ardhi tupu walichokiita zone neutre, ili mbu wetu wachoke njiani. Mwaka 1960 ukaja, wenye bustani wengi wakapanda ndege. Majani hayakupanda. Yalibaki, yakasubiri bwana mwingine wa kuyatumikia. Huku kwetu Bel-Air yamempata Mama Bayere, na Mama Bayere amenipata mimi.

Ukisema ni majani tu ya kufurahisha macho, hujui biashara. Lubumbashi ya mwezi wa nane uijue vizuri: vumbi jekundu kwenye nguo, kwenye bukari, kwenye meno. Bibi arusi na gauni lake jeupe apige picha wapi? Basi siku ya posho, kila Jumamosi mchana, magari yanakuja na honi na maua kwenye boneti, yanaingia kwa Mama. Saa moja, dola kadhaa. Majani yale yananyweshwa kwa maji ya foraji yanayoletwa na baiskeli, bido baada ya bido. Majani yanaoga kila jioni. Sisi wa anekse tunaoga kwa zamu.

Sasa waya wangu wa umeme ulikuwa unapita juu. Ulitoka kwenye mita ya nyumba kubwa, ukapanda mti wa avoka, ukashuka kwangu. Nilikuwa nimeufunga mwenyewe kwa kipande cha mpira wa baiskeli, na ulikuwa haujaua mtu. Lakini wapiga picha wakaanza kulalamika. Kila arusi, waya wangu uko juu ya kichwa cha bibi arusi. Kuna picha moja Mama alinionyesha kwenye simu yake, ameikuza kwa vidole viwili: waya umeingia sikio la bibi arusi, umetokea sikio la bwana arusi.

"Papa," akaniambia, "ile nyoka yako ishuke. Ipite mu bulongo. Na majani yangu isijue."

"Lini, Mama?"

"Siku ya posho kuko arusi."

Ilikuwa tayari katikati ya wiki. Nikasema ndiyo. Kwa Mama Bayere mtu anasema ndiyo kwanza, maswali anakwenda kuyauliza kwa mke wake.

Kwanza kable. Ule waya wa juu haufai chini, ndivyo nilivyoambiwa dukani, eti utaoza ngozi na kuanza kuuma miguu ya watu. Wanataka kable yenye nguo nene, na juu yake bomba la plastiki. Mwenye duka akanitolea moja nzito. "Ya shaba kamili, papa. Hii si aluminyo." Akataja bei. Nikamwomba arudie, si kwamba sikusikia.

Jirani, mimi ninalala karibu na barabara. Usiku malori yananitikisa kitanda, yanakwenda Kasumbalesa yamebeba sahani za shaba zilizofungwa vizuri. Yanavuka Zambia, yanateremka Durban, yanateremka Dar es Salaam, shaba inapanda meli. Huko inakokwenda inavutwa nyuzi, inavaa plastiki, inarudi. Ikirudi haikujui tena. Babu zetu huku waliimimina kwenye misalaba, wakalipia mahari. Mimi nimeshindwa kulipia mita kumi na kitu. Nikakopa kwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, na kwa sababu amenikopesha akajipa cheo cha injinia wa kazi.

Shemeji alikuja asubuhi na lukasu begani na baramini mkononi. "Mambo ya dakika," akasema. Akatema mate kwenye viganja. Akainua lukasu.

"Simama! Unalima mihogo?"

Sauti ilitoka juu ya ukuta. Kichwa cha jirani wa pili, Papa Kapita. Huyu mzee alikuwa Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali. Alifanya kazi Kipushi, chini kabisa, kule watu wanateremka kwa lifti, akiongoza timu za kuvuta kable. Mwaka 2003 wakaja na ile operesheni ya kuondoka kwa hiari, watu zaidi ya elfu kumi wakapewa bahasha zao wakaenda nyumbani, yeye akiwa mmoja wao. Tangu siku hiyo Papa Kapita hakupata tena mtu wa kumwamuru. Sasa akaona wawili, na mmoja ni mimi.

Alizunguka kwa geti, amevaa kofia yake ya kazi. Ya njano. Mama Bayere alipoiona ile kofia akaacha kunisikiliza mimi kabisa. Kuanzia hapo maswali yote ya gazoni yalikwenda kwa Papa Kapita, na majibu yote yalikuja kwangu kwa kelele.

Kwanza akakataza lukasu. Lukasu linapasua, linang'oa mizizi, linaacha mdomo mpana. Akataka beshi, ile bapa yenye makali manyoofu, na akataka inolewe. Mimi nilidhani beshi ni beshi. Nikakaa veranda ya mtu mmoja nikinoa beshi, watoto wangu wananitazama, wanafikiri baba anaandaa nyama.

Pili akauliza, majani yamekunywa? Nikasema yanakunywa kuliko sisi. Haitoshi. Yanyweshwe jioni, maji yashuke, udongo ulainike, kesho tukate. Udongo mkavu unameguka, mzizi unabaki hewani, jani linakufa. Mama akaitikia kwa kichwa. Maji yale ya jioni yalikuwa kwa hesabu yangu. Mwenye baiskeli alinishukuru sana, akaniita mukubwa.

Asubuhi yake tukafunga kamba mbili kwenye vijiti, zimenyooka kutoka ukuta mpaka mlango wangu. Katikati ya kamba upana wa beshi tu. Nikasema, Papa, si tupanue kidogo nipate pa kuweka mguu? Akanijibu mbele ya Mama: "Unachimbia kable ao unachimbia mguu?" Kila kidole unachoongeza pembeni ni majani ya watu. Mtaro uwe mwembamba, jeraha liwe jembamba. Lile swali langu la mguu ulikumbuke, jirani. Nilikuwa nimeuliza.

Tukakata kufuata kamba, beshi wima, upande huu na upande ule. Halafu tukakata kwa kukingama, vipande vipande. Halafu beshi inalala, inapita chini ya mizizi, unene wa vidole vinne, kipande kinanyanyuka chenyewe na udongo wake mweusi chini, kimekaa vizuri kama mkate unaotoka kwenye kopo. Ninakiri kilikuwa kitu kizuri kutazama. Papa Kapita alinyanyua kile cha kwanza kwa mikono miwili, akakilaza kwenye kivuli cha avoka juu ya gunia lililoloanishwa. Cha pili akaniachia mimi. Kilikatika katikati. Mama Bayere akashika kifua.

Vipande vile alitaka kila kimoja kirudi pale kilipotoka. Si jirani yake, pale pale. Basi nikaandika namba kwenye vibao vidogo, nikachomeka kila kibao kwenye kipande chake, nikafunika kwa magunia ya maji ili jua lisiyafikie. Nikajiona mtu wa mpango. Watoto wa parseli wakaja, wangu na wa nyumba kubwa, wakaona vibao, wakavikusanya wote kwenye sahani wakafungua duka. Namba saba walikuwa wanauza mia mbili faranga.

Udongo nao una ustaarabu wake. Hatukuutupa juu ya majani. Tulitandaza magunia matupu ya unga wa Zambia, ule mweusi wa juu upande mmoja, ule mwekundu wa chini upande mwingine, wasikutane. Ukirudisha mwekundu juu, majani yatageuka manjano, na vumbi lake likiingia kati ya majani halitoki hata kwa maombi. Papa Kapita alisimama kati ya marundo mawili akiangalia kila koleo ninayotupa. Moja niliitupa kwenye rundo lisilo lake. Nikaambiwa niitoe kwa mkono.

Na kina? Santimita 60. Mimi niliona thelathini inatosha, kwani waya unaogopa nini? Akasema anayeogopa si waya. Siku moja atakuja mtunza bustani na beshi, anataka kupanda rozi, atakuwa hana habari, na utasikia harufu ya mtu. Basi nikachimba. Chini ya udongo mweusi wa Mama iko ile nyekundu yetu ya Katanga, ambayo mwezi wa nane haikubali koleo, inataka baramini. Kila pigo mawe yananicheka. Shemeji wakati huo alikuwa amekaa chini ya avoka akikadiria. Injinia anakadiria.

Sasa sikiliza mguu.

Mtaro ulikuwa umefika kina chake, lakini chini palibaki makombo ya udongo. Papa Kapita anataka chini pawe safi, pasiwe na jiwe lenye meno la kutoboa bomba. Mkono haufiki vizuri. Nikashusha mguu niyasukume kwa kisigino. Nilikuwa nimevaa buti za mpira, na zenyewe ni zake Papa Kapita, alinipa kwa masharti, kubwa kuliko mguu wangu. Buti ikashuka. Buti ikageuka kidogo. Buti ikakataa kupanda. Nikavuta. Nikavuta kwa mikono miwili. Nikakaa juu ya majani ili nivute vizuri na Mama akapiga kelele kwamba nimekaa juu ya majani. Nikasimama. Mguu mmoja juu, mguu mmoja mpaka gotini na zaidi umo ndani ya Haut-Katanga.

Na ndipo mtoto mmoja, anachezea rundo la udongo mwekundu, akainua kitu cha kijani juani akasema kwa sauti ya kanisani: "Malakiti!"

Jirani, hapa kwetu neno hilo, jiwe la shaba, usilitamke karibu na ukuta. Sijui walisikia vipi. Muda si muda geti likajaa vijana. Wawili walikuwa na tochi kwenye paji la uso, saa nne asubuhi. Mmoja na gunia tupu. Wote wanaangalia mtaro, halafu wananiangalia mimi niliyesimama ndani yake, wanaona mtu anayelinda mali.

"Papa, kuko kobalti humu?"

"Hakuna kitu. Ni kable."

"Batu bote banasemaka vile," akasema yule wa gunia, kwa upole, ananielewa. "Hata Kasulo bilianza vile."

Na hapo nilikosa jibu, kwa sababu Kasulo ni kweli. Mwaka 2014, kule Kolwezi, mtu alichimba kwenye parseli yake akakutana na heterojeniti, lile jiwe jeusi lenye kobalti. Mtaa mzima ukateremka chini. Watu wakachimba uani, wakachimba ndani ya nyumba, chumbani, wakafunika mashimo kwa turubai. Baadaye, mwaka 2017, serikali ya jimbo ikahamisha mamia ya familia na sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta kwa ajili ya kampuni. Kwa hiyo huwezi kumwambia kijana wa Katanga kwamba shimo ni shimo tu. Wakaanza kujadiliana nami kwa adabu kabisa. Wao watateremka, mimi nitatoa parseli, tutagawana nusu kwa nusu, jiwe litapelekwa kwenye ile mashine ya Metorex kupimwa asilimia. Parseli si yangu, nikasema. Wakasema basi theluthi.

Mama Bayere alikuwa kimya. Hilo ndilo lililonitisha. Aliokota lile jiwe la kijani kutoka kwa mtoto, akaligeuza, akalifuta kwa kitenge. Nikaona macho yake yanapima gazoni kutoka ukuta mpaka ukuta. Kwa dakika moja, jirani, majani yale yalikuwa karibu sana na kufa, na si kwa mkono wangu.

Papa Kapita akalichukua, akaligonga kwenye kofia. "Kigae," akasema. "Cha bafu. Batu ya zamani."

Vijana hawakuondoka. Waliamini kwamba mzee anaficha. Na wakati huo ndipo mkubwa wa avenyu akaingia, na karatasi kwenye kwapa, ameambiwa kuna machimbo bila kibali. Hakunisalimu. Alisimama juu ya ukingo wa mtaro, mimi nikiwa mfupi kwa mguu mmoja, akanisomea sheria. Tangu 1966, sheria ya Bakajika, ardhi na vilivyo chini yake ni mali ya Serikali. Nikasema naijua, mukubwa. Akasema, basi unachimba mali ya Serikali na mguu wako umo ndani. Ushahidi huo.

Piga hesabu mwenyewe. Majani ni ya Mama. Udongo ni wa Serikali. Kable ni ya shemeji mpaka nitakapolipa. Buti ni ya Papa Kapita. Katika mtaro ule wote kitu changu halali kilikuwa mguu, na ndicho kitu pekee kilichokuwa hakitoki.

Tulielewana kwa matabishi kidogo, nikamtolea mfukoni nikiwa pale pale shimoni, akapokea kwa kuinama. Vijana watatu wakanishika makwapa wakanivuta. Mguu ukatoka, umevaa soksi yenye tundu, mbele ya avenyu yote. Buti ikabaki chini. Papa Kapita hakuuliza kama nimeumia. "Toa kwanza buti yangu," akasema.

Kilichobaki kilikwenda haraka, kwa sababu mimi sikuruhusiwa tena kufikiri. Mchanga chini, kiasi cha upana wa kiganja. Kable ndani ya bomba, imelala bila kuvutwa, imeachiwa ulegevu kidogo ili ardhi ikitembea isiikate. Mchanga tena juu. Halafu Papa Kapita akataka ule wavu mwekundu wa plastiki, wa kumwonya mtu wa kesho kwamba chini kuna umeme. Sikuupata. Akakubali mstari wa matofali ya kuchoma, ndivyo wazee walivyofanya zamani: beshi ikigonga tofali, mtu anajiuliza. Matofali niliyatoa kwenye njia yetu ya wapangaji. Sasa njia ina mapengo, tunaruka.

Udongo mwekundu ukarudi kwanza, tabaka kwa tabaka, unashindiliwa kwa miguu kila unapofika kimo cha kiganja. Mke wangu alitoka jikoni kutusaidia kushindilia. Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Akakanyaga, akakanyaga, halafu akasema kwa Mama Bayere, si kwangu: "Banaume bengine banachimba juu ya kutosha shaba. Wangu anachimba juu ya kuirudisha." Mama akacheka mpaka akashika mti. Wamekuwa marafiki tangu hapo.

Mweusi ukafuata, halafu vipande vya majani. Bila namba. Tulivipanga kwa kubahatisha na Mama akivikagua kimoja kimoja. "Hii haikukuwa hapa. Hii ilikuwaka karibu na rozi." Nikahamisha. "Apana, ni ile ingine." Nikahamisha. Tuliviacha viinuke kidogo kuliko gazoni, vidole viwili hivi, kwa sababu udongo uliochimbwa hukaa chini mvua zikija, na ukisawazisha leo, mwezi wa kumi na moja utakuwa na mfereji. Mama hakutaka kusikia mwezi wa kumi na moja. "Majani yangu iko na mugongo," akasema. Papa Kapita akapima kutoka pembe ya ukuta, akaweka alama ya rangi pale kable inapoingia na pale inapotokea, akaandika na santimita. Ndiyo kitu pekee katika parseli ile chenye maandishi yaliyonyooka. Maji tena, kwa hesabu yangu, na marufuku ya kukanyaga.

Marufuku, lakini siku ya posho ilikuwa kesho.

Bibi arusi alikuja na viatu vya kisigino chembamba. Alisimama pote pazuri, kisha mpiga picha akamwambia arudi nyuma kidogo, kidogo tena, mama, hapo hapo. Kisigino kikapata mahali ambapo kipande kimoja cha majani kinakutana na mwenzake. Kikashuka chote. Watu wakapiga kelele. Nikaitwa kutoka veranda kwa jina la "papa ya kazi".

Wakatafuta ubao, ubao ni mfupi. Basi mimi nikapewa kazi ya kuchuchumaa nyuma ya gauni, nimeshikilia ubao usicheze, bibi arusi amesimama juu yake, na kila mara mpiga picha anasema, papa, kichwa chini, papa, bega linaonekana. Shangazi mmoja wa bwana arusi akauliza kama mimi ni wa upande wa mke. Mwishoni wakanipa Fanta na noti iliyokunjwa. Nikaipokea. Nani anakataa? Ndani ya albamu fulani mjini humu, jirani, kuna goti la mtu lisilo na ukoo. Ni langu.

Jioni shemeji akaunganisha. Tukakaa wote mbele ya balbu. Akabonyeza. Delestaji, mgao wa umeme. Tukakaa. Watoto wakalala. Umeme ulirudi usiku wa manane, balbu ikawaka nyeupe kabisa, nikaamsha nyumba yote waje waone. Wakaja, wakaona. Ukaondoka.

Majani, nakuambia ukweli, hayana kosa. Mvua za kwanza zilipopiga, mgongo ulikaa chini, mizizi ikashikana, na sasa hata mimi sioni pale nilipochimba. Mama Bayere anawaleta wageni wake, anawaambia watafute mahali kable ilipopita, hawapati, anafurahi. Papa Kapita amepata kazi mbili za namna hiyo avenyu ya pili, analipwa. Shemeji anadai pesa zake.

Na mimi nimeletewa barua. Mama ameandika kwa kalamu ya bluu kwamba, kwa kuwa anekse sasa ina umeme wa kisasa unaopita chini ya ardhi, kodi inapanda kuanzia mwezi ujao. Mke wangu ameisoma akasema rafiki yake ana haki.

Kwa hiyo jirani, ukisikia kuna anekse mahali popote, Katuba, Ruashi, Kenya, hata Kasapa huko mwisho, nipigie. Iwe na vyumba viwili. Umeme si lazima. Lakini uani pawe sementi tupu, kutoka ukuta mpaka ukuta.